Donati, Aiskrimu na Kumbukumbu za Kiangazi Si Upuuzi

Kalenda ya kiangazi nchini Marekani imejaa siku ambazo si za ibada wala za mapumziko. Ijumaa ya kwanza ya Juni ni siku ya donati. Jumapili ya tatu ya Julai ni siku ya aiskrimu. Tarehe 3 Agosti hutajwa kuwa siku ya tikitimaji. Kati ya siku hizo za chakula zimo kumbukumbu za sinema na muziki: filamu ya Jaws tarehe 20 Juni, kifo cha Michael Jackson tarehe 25 Juni, tamasha la Woodstock lililoanza tarehe 15 Agosti 1969, kifo cha Elvis Presley tarehe 16 Agosti. Redio huzitaja asubuhi, magazeti huzipa aya mbili, maduka hupunguza bei, na kesho yake watu hugeukia siku nyingine.

Maoni yaliyoenea kuhusu siku hizi ni ya dharau. Inasemwa kwamba zimebuniwa na wenye maduka ili wauze, kwamba hazina historia yoyote ya kuchunguzwa, na kwamba zinazipunguzia uzito sikukuu za kweli. Hata wanaozifurahia hujitetea upesi kwamba ni mzaha tu. Maoni hayo si sahihi, na pia yana madhara. Yanafuta majina ya watu waliofanya kazi ngumu, yanaficha maamuzi ya serikali yaliyogusa riziki za wakulima na vibarua, na yanawanyima watu wa kawaida haki ya kuchagua wenyewe la kukumbuka.

Siku ya donati inatosha kuanza nayo. Ilianzishwa Chicago mwaka 1938 na Jeshi la Wokovu, Marekani ikiwa bado katika mdororo mkuu wa uchumi. Nia ilikuwa kuchangisha fedha za kuwasaidia maskini, na papo hapo kuwaenzi wanawake wa jeshi hilo waliokwenda Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jeshi la Wokovu lilipeleka huko takriban watu 250 wa kujitolea. Mwaka 1917 wawili kati yao, Margaret Sheldon na Helen Purviance, walikuwa wakiwahudumia askari waliochoshwa na mvua na matope, mbali na mji wowote wenye soko. Akiba yao ilikuwa unga, sukari, mafuta ya kukaangia, hamira na maziwa ya kopo. Kwa vitu hivyo waliamua kukaanga donati. Walisukuma unga kwa chupa ya mvinyo kwa kukosa kifimbo. Jiko lilikuwa chini, kwa hiyo Purviance alipiga magoti na kukaanga donati saba saba katika kikaango kidogo. Siku ya kwanza zilipatikana 150, na askari walizipangia foleni. Habari ilisambaa, vituo vingine vikaiga, na baadaye zikawa zinakaangwa kwa maelfu.

Anayesema kwamba siku hii haina asili amewafuta wanawake hao kwa sentensi moja. Ni kweli kwamba leo kampuni za donati hugawa donati ya bure kila Ijumaa hiyo, na wateja wengi hawajapata kusikia jina la Purviance. Lakini lawama ya usahaulifu inamstahili aliyesahau, si tarehe iliyowekwa ili asisahau. Vita vile vimeachia miji ya Marekani sanamu nyingi za majenerali na askari wenye bunduki. Mtu aliyekaa mbele ya jiko saa nyingi, akiunguzwa na mafuta ili kijana wa miaka 19 ale kitu cha moto, haonekani kati ya sanamu hizo. Ana Ijumaa moja mwezi Juni, na hiyo nayo inaitwa upuuzi.

Siku ya aiskrimu ina historia ya namna nyingine, nayo inahitaji kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayotajwa zaidi na wenye dharau. Tarehe 9 Julai 1984 Rais Ronald Reagan alitia saini tamko namba 5219, lililoufanya Julai wa mwaka huo kuwa mwezi wa aiskrimu na tarehe 15 Julai kuwa siku yake. Tamko lilitokana na azimio la pamoja la mabaraza mawili ya Bunge, lililopelekwa na Seneta Walter Huddleston wa Kentucky na Mbunge Kika de la Garza wa Texas. De la Garza alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kilimo ya Baraza la Wawakilishi. Mtu wa nafasi hiyo hakuwa akitafuta kichekesho. Tamko lenyewe lilieleza kwamba aiskrimu hutumia karibu asilimia 10 ya maziwa yote yanayokamuliwa na wafugaji wa Marekani.

Asilimia hiyo ndiyo kiini cha jambo. Tangu sheria ya kilimo ya mwaka 1949, serikali ya Marekani ilikuwa na wajibu wa kushikilia bei ya maziwa isiporomoke, na njia yake ilikuwa kununua siagi, jibini na maziwa ya unga yaliyokosa mnunuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bei hiyo ya kinga ilipandishwa mara kwa mara. Wafugaji walifanya lile ambalo mfugaji yeyote angelifanya: waliongeza ng'ombe. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 maghala ya serikali yalifurika, na sehemu ya shehena ikahifadhiwa katika mapango yenye baridi huko Missouri. Desemba 1981 Reagan aliruhusu paundi milioni 30 za jibini, yaani takriban tani 13,600, zigawiwe maskini. Familia nyingi za Marekani bado zinayakumbuka yale maboksi marefu ya jibini la serikali. Mwaka 1983 sheria nyingine iliweka makato ya senti 15 kwa kila paundi 100 za maziwa, fedha za mfugaji mwenyewe, ili zitumike kutangaza maziwa. Mwaka 1986 serikali iliwalipa wafugaji wachinje ng'ombe wao au wawauze nje ya nchi, kisha wakae miaka 5 bila kukamua.

Tamko la aiskrimu liko katikati kabisa ya mfululizo huo. Lilikuwa hatua ndogo ya sera ya chakula katika miaka ambayo serikali haikujua pa kuyapeleka maziwa, na wafugaji wadogo hawakujua kama mwaka ujao wangekuwa na zizi. Kulisoma kama tangazo la wauza aiskrimu ni kusoma ukurasa mmoja na kufunga kitabu. Mwalimu wa historia ya uchumi anaweza kuanza na Jumapili hiyo ya Julai akafika hadi kwenye ruzuku, ziada ya uzalishaji, makato ya lazima na kufilisika kwa wafugaji, bila kutoka nje ya mada.

Hata kuangukia kwa siku hizi wakati wa kiangazi hakukutokea kwa bahati. Ng'ombe wengi wa maziwa hutoa maziwa zaidi majani mapya yanapoota, na mara tu baadaye shule hufungwa, kwa hiyo maziwa ya wanafunzi hukosa mnywaji. Ndiyo sababu Juni ilitangazwa kuwa mwezi wa maziwa tangu mwaka 1937, miaka karibu 50 kabla ya Reagan. Pichi na tikitimaji huiva kiangazi. Kalenda hii ya chakula, kwa sehemu kubwa, inafuata shamba.

Kambare naye alipewa siku. Tarehe 25 Juni 1987 ilitangazwa na Reagan, kwa ombi la Bunge, kuwa siku ya kambare. Ufugaji wa samaki huyo ulikuwa umekua kwa kasi katika tambarare za Mto Mississippi, mahali ambapo mashamba ya pamba yalichimbwa yakawa mabwawa. Waliosimama kwenye mashine za kukata vichwa na kuchuna ngozi viwandani walikuwa hasa wanawake weusi, wajukuu wa waliochuma pamba. Mwaka 1990, miaka mitatu tu baada ya tamko, wafanyakazi karibu 1,000 wa kiwanda cha Delta Pride huko Indianola waligoma, wakidai mshahara wa haki na utu kazini, hadi ruhusa ya kwenda chooni bila kuhesabiwa dakika. Ulikuwa mgomo mkubwa kuliko yote ya wafanyakazi weusi katika historia ya jimbo la Mississippi. Tamko la rais halikuwataja wanawake hao. Mwandishi wa habari anayeiruka tarehe 25 Juni kwa sababu kambare anachekesha anawaruka kwa mara ya pili.

Bunge lenyewe lilichoka na maazimio ya aina hii. Katika miaka ya 1980 yalikuwa yamekuwa sehemu kubwa ya sheria zilizopitishwa, na Januari 1995 Baraza la Wawakilishi liliweka kanuni ya kutopokea tena miswada ya kutenga siku za kumbukumbu. Hatua hiyo hutajwa kama ushahidi kwamba siku hizo zilikuwa bure. Inachothibitisha ni kwamba ziliombwa na watu wengi mno: vyama vya wakulima, mashirika ya wagonjwa, makabila, taaluma, miji. Kila mmoja alitaka kutambuliwa na nchi yake, na muda wa wabunge haukutosha.

Kumbukumbu za sinema zilizojazana kiangazi zina maelezo mafupi zaidi. Kabla ya viyoyozi, majumba ya sinema yalikuwa tanuri mwezi Julai na mengi yalifungwa. Jumba la Rivoli jijini New York lilipowekewa mtambo wa kupoza hewa mwaka 1925, watu walianza kuingia sinema ili wapate nafuu ya joto. Nusu karne baadaye, tarehe 20 Juni 1975, Jaws ilifunguliwa katika majumba zaidi ya 400 kwa siku moja, ikitanguliwa na matangazo mengi ya televisheni, na mafanikio yake yaliigeuza Juni na Julai kuwa msimu mkuu wa filamu. E.T. ilitoka tarehe 11 Juni 1982, Ghostbusters tarehe 8 Juni 1984, Back to the Future tarehe 3 Julai 1985. Kizazi kizima kikajikuta na kumbukumbu zake za utotoni katika wiki hizo hizo. Kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard, ambako Jaws ilirekodiwa mwaka 1974, wenyeji walicheza nafasi ndogo ndogo wakiwa watoto na wavuvi. Walipokutana mwaka 2005 kuadhimisha miaka 30, waliikumbuka filamu pamoja na kisiwa chao kilivyokuwa, na majirani waliokwisha kufa ambao bado wanatembea ndani yake.

Dai kwamba wafanyabiashara ndio wanaozalisha kumbukumbu hizi linavunjika kabisa mbele ya mifano miwili. Wa kwanza ni mkesha wa Elvis. Usiku wa tarehe 15 Agosti kila mwaka, maelfu ya mashabiki hupanda njia ya kuingilia nyumba yake, Graceland, jijini Memphis wakiwa na mishumaa, wapite penye kaburi lake mmoja mmoja. Mashabiki walikusanyika hapo kabla nyumba hiyo haijafunguliwa kwa wageni wa kulipa, jambo lililofanyika tarehe 7 Juni 1982. Biashara iliwafuata waombolezaji.

Wa pili una uzito zaidi. Tarehe 11 Agosti 1973, katika chumba cha burudani cha jengo la ghorofa namba 1520 Sedgwick Avenue, eneo la Bronx jijini New York, msichana Cindy Campbell aliandaa dansi ili apate fedha za nguo mpya za shule. Aliandika mialiko kwa mkono. Wasichana walilipa senti 25, wavulana senti 50. Soda na hotidogi ziliuzwa humo humo. Muziki ulipigwa na kaka yake Clive, kijana wa miaka 18 mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyejiita DJ Kool Herc. Ustadi uliomjengea jina ulikuwa kutumia nakala mbili za santuri moja ili kipande cha ngoma tupu, ambacho wachezaji walikisubiri kwa hamu, kirudiwe kisiishe upesi. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa hip hop. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Dar es Salaam walikuwa tayari wanaghani kwa Kiswahili juu ya midundo ya ukoo huo.

Wapangaji wa jengo hilo walifahamu thamani ya tarehe yao. Wenye mali walipotaka kuliondoa jengo katika mpango wa nyumba za bei nafuu, wapangaji walishika historia mkononi wakaenda kupigania makazi yao, na mwaka 2007 jimbo la New York lilikubali kwamba jengo linastahili kuorodheshwa kama mahali pa kihistoria. Kumbukumbu ya utamaduni wa pop ikawa silaha ya watu wa kipato cha chini. Mwaka 2021 Seneti ya Marekani ilipitisha azimio la kuitambua tarehe 11 Agosti. Hakuna kampuni iliyoanza jambo hili. Lilianzwa na msichana aliyetaka nguo za shule.

Ushahidi wa upande wa pili upo na hauwezi kukwepwa. Kila tarehe 4 Julai huko Coney Island hufanyika mashindano ya kula hotidogi ya mgahawa wa Nathan's. Kwa miaka mingi umma uliambiwa kwamba yalianza mwaka 1916, wahamiaji walipobishana nani ana uzalendo zaidi. Mwaka 2010 mtangazaji wa biashara Mortimer Matz alikiri kwamba yeye na mwenzake Max Rosey waliitunga hadithi hiyo, na kwamba mashindano yalianza miaka ya 1970. Vilevile, tangu mwaka 2013 ipo kalenda ya siku za kitaifa iliyoanzishwa na Marlo Anderson huko Mandan, North Dakota, ambayo hupokea maombi ya kampuni zinazotaka siku na kutoza ada. Zipo pia siku nyingi za vyakula zisizojulikana zilitoka kwa nani.

Siku za aina hiyo zinastahili kukosolewa, na uongo kuhusu mwaka 1916 unastahili kuitwa uongo. Lakini ukosoaji huo unawezekana kwa mtu aliyechunguza tu. Hadithi ya Nathan's iliishi muda mrefu kwa sababu wahariri waliona jambo dogo lisilostahili simu moja ya kuulizia, wakachapa walichopewa. Dharau ndiyo iliyoulea uongo. Aliyeweka donati ya 1938 na siku iliyolipiwa juzi katika kapu moja amewapa wauzaji wa siku ulinzi mzuri kuliko wote, kwa kuwa ameshatangaza kwamba hakuna haja ya kuuliza.

Hoja ya mwisho ya wenye dharau ni kwamba sikukuu halisi hukua zenyewe, ilhali hizi zimepangwa. Historia haiwaungi mkono. Sikukuu ya Shukrani ya Marekani ilisogezwa wiki moja nyuma na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1939, wenye maduka walipoomba muda zaidi wa mauzo kabla ya Krismasi. Nchi iligawanyika, majimbo mengine yakaadhimisha tarehe ya zamani, hadi Bunge lilipoamua mwishoni mwa 1941 iwe Alhamisi ya nne ya Novemba. Hakuna anayesema leo kwamba sikukuu hiyo ni tupu. Watanzania nao wanalijua jambo hili kwa uzoefu: tarehe 7 Julai, Sabasaba, ni siku ilipozaliwa TANU mwaka 1954, na ni siku ya maonesho ya biashara katika viwanja vya barabara ya Kilwa. Anayenunua sufuria kwenye banda la maonesho hajaifuta historia ya chama kilichopigania uhuru.

Ulaya nako upo mfano. Huko Dublin, tarehe 16 Juni 1954, waandishi wachache wakiwamo Patrick Kavanagh na Brian O'Nolan walipanda magari ya farasi wafuate njia za mhusika wa riwaya ya James Joyce, ambayo yote hutukia siku hiyo ya mwaka 1904. Safari iliishia kwenye baa kabla ya kukamilika. Leo siku hiyo huheshimiwa na vyuo vikuu, na watu hula figo za kukaanga asubuhi kama mhusika huyo. Ni kumbukumbu ya kazi ya kubuni, ina chakula chake, iko kiangazi, na ilianza kwa utani wa marafiki. Wasomi wanaoitukuza na kuidharau siku ya donati hawajaeleza tofauti iko wapi, isipokuwa kwamba moja inasoma vitabu na nyingine inauza vitafunio.

Mfano wenye umri mkubwa zaidi uko Japani. Katika siku maalumu za katikati ya kiangazi Wajapani hula mkunga wa kuchoma, samaki mrefu kama nyoka. Inasimuliwa kwamba desturi hiyo ilipata nguvu katika karne ya 18, mtaalamu Hiraga Gennai alipomshauri mwenye duka ambaye wateja walimkimbia wakati wa joto abandike tangazo kwamba siku ile ndiyo ya kula mkunga. Kama masimulizi ni ya kweli, ni tangazo la biashara lililodumu zaidi ya miaka 200. Matokeo yake ni mazito. Mkunga wa Japani aliwekwa mwaka 2014 katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, na ulaji wake hupanda sana Julai kwa ajili ya siku hiyo. Kila mwaka wavuvi, wenye maduka na wanasayansi hujadiliana juu ya kiasi cha kuuza na mizigo inayotupwa ikibaki, na Chuo Kikuu cha Kindai kimefika mahali pa kufuga kambare anayelishwa kwa namna ya pekee ili nyama yake ikaribie ladha ya mkunga, apate kuliwa badala yake siku hiyo ikifika.